Damu Isiyo na Jina

Tumsifu aliinua macho kutoka kwenye darubini. Alikuwa anatafuta malaria tu, kwa ajili ya utafiti wake wa shahada ya uzamili, lakini damu ya chupa namba thelathini na moja ilionyesha saratani ya damu.

"Ni ya nani?" aliuliza msimamizi wake, Daktari Mbelwa.

"Mmoja wa wale akina mama sitini wa sokoni. Majina tuliyachana, kama tulivyowaahidi."

"Basi itoe, uandike hamsini na tisa. Kibali chako hakiruhusu kuwarudia. Ukienda, sahau shahada."

Tumsifu alivua koti jeupe, akaenda sokoni.

Wauza mboga walimpokea kwa vicheko. "Daktari wetu huyo! Damu yetu umeshainywa yote?"

Hakucheka. Aliwaambia kwamba mmoja wao anaumwa sana, hajui ni nani, na inabidi awapime tena wote.

Walitazamana usoni kama watu wanaotafuta mwizi. Kisha mama mmoja aliyekuwa akichambua mchicha aliweka fungu chini, akaanza kukunja mkono wa gauni lake. Nyuma yake, wenzake walikuwa wanafunga vikapu waondoke.