Kichupa cha Mpiga Zumari

Kabla ya kuingia hospitali, Mzee Bwanakheri alitafuna karafuu, kama alivyozoea kumficha mkewe harufu ya sigara. Nesi alipomwambia kwamba atamtoa damu tu, akacheka.

"Mjukuu wangu, mimi mpiga zumari. Pumzi imenikatikia katikati ya harusi, wewe wanichoma mkono?"

"Damu haiachi kupita mapafuni, babu. Kama humo mna saratani, huokota chembe zake ikatoka nazo. Hizo ndizo tutakazozitafuta."

"Na sigara je?"

"Nayo huacha alama zake humo damuni."

Mzee akatema karafuu kiganjani, akazitazama kwa haya. Kumbe siku zote hizo alikuwa na shahidi ndani yake!

Nesi alipokwisha kumtoa damu, Mzee akaomba kushika kile kichupa. Kilikuwa bado na uvuguvugu. Akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakiweka sikioni na kufumba macho, kama afanyavyo yeye pindi mpiga zumari mwenzake anapompigia wimbo asioujua.

"Inasemaje, babu?" nesi akauliza huku akitabasamu.

Mzee akainua kidole kumnyamazisha.

Nesi akajikuta naye amebana pumzi, anasikiliza.