Muhogo Hauzibi Shimo

Mvua zilipoila barabara ya bondeni, dada yake Nungunungu aliyeishi ng'ambo akaacha kuja. Kila jioni Nungunungu aliketi mlangoni akiitazama ile njia.

Akamwendea Tembo, mkuu wa bonde. "Mzee, kifusi unachotoa kila mwaka hakifiki hata kona ya kwanza."

"Ndicho nilicho nacho, mwanangu. Cha kuongezea kitafuteni wenyewe."

Basi Nungunungu akaweka kizuizi katikati ya njia na kumkabidhi Ngiri, ambaye akishaambiwa neno halibadilishi. "Kila anayepita alete jiwe la kuziba mashimo. Asiye na jiwe asipite, hata awe nani."

Kufikia mavuno barabara ilikuwa imetandikwa kama mkeka. Nungunungu akafagia uwanja, akabandika chungu, akangoja. Dada hakutokea. Akamfuata Ngiri kizuizini.

"Juzi alikuja bibi mmoja mwenye miiba, anachechemea," Ngiri alisema. "Mikono yote imeshika kikapu. Namwuliza jiwe, ananiambia amembebea mdogo wake muhogo."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia muhogo hauzibi shimo. Akakaa pale kidogo, akageuka."

Nungunungu hakungoja zaidi. Aliinama apite chini ya kizuizi, amkimbilie dada yake. Ngiri akakishusha mbele ya pua yake.

"Jiwe lako, mama?"

Nungunungu akaangaza huku na huku. Mawe yote ya bonde lile yalikuwa yamekwisha kuingia barabarani.