Fungu la Vumbi na Kelele

Zamani hizo, wanyama walipopima utajiri wa nchi yao, kila mmoja alisimama sokoni kando ya fungu lake. Fisimaji alikuwa na samaki wakavu, Nyegere alikuwa na asali. Punda mchukuzi na Mbayuwayu, mpeleka habari za nani anahitaji nini, hawakuwa na kitu mbele yao.

“Hawa mchango wao ni vumbi na kelele tu!” Nyegere alicheka.

Punda aliinua shingo. “Mzee Kobe, tuandikie sifuri. Ila kila fungu likapimwe kule nilikolichukua.”

Kobe, mpimaji mkuu, akaona ni haki. Wakaenda ziwani. Samaki ambaye sokoni hubadilishwa kwa kibaba cha mahindi, pale hakupata hata punje, maana kila mkazi alikuwa na wake. Msituni, asali nayo ikawa vivyo hivyo. Kumbe thamani karibu yote ilikuwa imezaliwa njiani!

“Basi fungu la njiani ni lenu,” Kobe alisema, akashika kalamu. “Niliandike kwa jina gani?”

Punda alimtazama Nyegere, akatanua kifua.

“Andika: Vumbi na Kelele.”