Sauti ya Papa Buhendwa

Msichana aliyekimbia vita Rutshuru alisimama ubaoni, akiipekecha chaki mpaka unga ukamwagikia viatu vyake. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amemwuliza jina lake tena na tena, naye hakuelewa.

"Papa Buhendwa, huyu mutoto anasikia Kinyarwanda tu," mwalimu alimnong'oneza mwenzake wa hesabu, aliyekuja mlangoni alipoitwa. "Najua mama yako alikufundisha. Unisaidie."

Buhendwa hakuwa amekisema hadharani tangu waasi wanaokizungumza waukaribie mji. Sokoni watu walipigwa kwa neno moja tu la lugha hiyo.

"Huyo ni wa waasi!" mwanafunzi mmoja alipaza sauti akimwonyesha msichana kidole, wenzake wakacheka.

Buhendwa aliingia, akachuchumaa mbele ya msichana. "Witwa nde, mwana wanjye?" alimwuliza jina, kwa sauti iliyofika dawati la mwisho.

Kicheko kikakatika, na macho yote yakahamia kwa mwalimu wa hesabu.