Sauti ya Semeni

Mzee Mbaruku aliandika amri ya kuweka programu, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja. Kompyuta ilikuwa ya marehemu binti yao Semeni, na sauti yake aliyoirekodi imo humo, ila programu ya kuichezesha haikuwemo. Mkewe, Bi Chausiku, alikwisha kuvaa hedifoni, ushungi ameukunja nyuma ya masikio.

Maandishi yakatiririka, kisha yakasimama.

“Inasemaje, Baba Semeni?”

“Inauliza: ili iweke hiyo programu, eti itoe hizi nyingine.”

“Zipi?”

“Sizijui hata moja.”

“Basi iitikie. Imeuliza kwa adabu.”

Akabonyeza ndiyo. Picha ya Semeni iliyokuwa kwenye kioo ikafutika, kioo kikawa cheusi, kikabaki kijistari cheupe kikipepesa.

Mzee akabonyeza tena, na tena; kioo kikabaki vile vile. Bi Chausiku akafumba macho, akaibana hedifoni kwa viganja viwili, neno la kwanza lisije likampita.