Gari la Moshi la Mukimo

Umewahi kuona watoto wenye njaa wakiogopa kugusa chakula? Mimi nimeona, hapa Ruiru, mwaka wa hamsini na moja, kwenye karamu ya watoto wa Sande skuli.

Nilikuwa nimewapikia gari la moshi. Mukimo, yaani viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, niliushindilia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, nikaupindua juu ya jani la mgomba: behewa, behewa, halafu injini. Magurudumu yalikuwa karoti. Bomba la moshi lilikuwa kipande cha kiazi cha nduma. Madirisha niliyapanga kwa njahi, zile kunde zetu nyeusi, moja moja, kwa ncha ya kijiti.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi hapo, uso ameukunja.

"Njahi ni ya mama aliyejifungua," akasema. "Wewe unaifanyia mchezo. Watoto wasipokula, Mama Waithira, hutaandaa karamu tena katika boma hili."

Watoto wakamtazama yeye, wakaficha mikono nyuma.

Ndipo Waithira wangu akapuliza kwa mdomo, kuuu, akavuta behewa la nyuma. "Hili linaenda Thika," akasema, akaling'ata.

Wenzake wakacheka. Mikono ikajaa kwenye jani, kila mtu na kituo chake, hata magurudumu wakayagombania.

Ikabaki injini. Waithira akainyooshea mkono.

"Iache hapo," mama mkwe akasema.

Akasogeza kigoda chake, akajipangusa vidole.

"Hiyo injini ndiyo nilikuwa naitaka mimi tangu mwanzo."