Uvimbe wa Sefania

Siku hizo kila kata ilikuwa na muuguzi mmoja, naye ndiye aliyepima, aliyepasua na aliyeamua nani atibiwe na nani aachwe. Ugonjwa wowote aliouona kwa macho yake, sheria ilimtaka autolee uamuzi siku hiyohiyo. Aliyeachwa hakupewa dawa tena popote.

Nakiete alikuwa muuguzi huko milimani Upare. Alipopita, watu walimwamkia kwa heshima huku wakijifunika khanga hadi shingoni, na kina mama wakiwaziba midomo watoto wenye kikohozi. Hilo alishalizoea.

Asubuhi moja alimpelekea mumewe maji ya moto bafuni. Sefania aligeuka haraka na kuvuta taulo, lakini alikuwa amechelewa. Ubavuni palikuwa na uvimbe mkubwa kama chungwa.

"Tangu lini, baba Eliwaza?"

"Tangu masika."

"Ukanificha mimi, mkeo?"

"Nilimficha muuguzi," alisema Sefania. "Mke wangu ningemwambia siku ileile."

Uvimbe wa aina ile, kwa mtu wa umri ule, Nakiete alikuwa ameshautolea uamuzi mara nyingi, kisha akaenda kuwapa pole wajane.

Aliweka ndoo chini, akaanza kumwogesha mgongo taratibu, mkono wake ukiukwepa ubavu.

"Utaamuaje, mama Eliwaza?"

"Inama kidogo," alimjibu. "Maji yatapoa."